Matonge ya Bibi Sesilia

Domina, nimeumbuka! Bibi Sesilia anaombea chakula, mimi nikaropoka mbele ya ukoo mzima: sala ni kuamini tu, sayansi ina ushahidi.

Bibi akanikazia macho, akaanza kusimulia. Kumbe enzi za Mwingereza babu alikuwa fundi wa mashine ya kuchakata mkonge, Kilosa. Mdogo wake Yeremia hakuigusa bila kusali. Babu akamcheka: “Jana nilivuta breki ikasimama. Na leo itasimama.”

Akavuta, akaingiza mikono kumwonyesha.

Haikusimama. Domina, HAIKUSIMAMA!

Nikauliza, kwa hiyo Yeremia ndiye alikuwa sahihi?

“Yeremia alikuwa ameshasali. Alikimbilia kumchomoa kaka yake, ikamla na yeye mikono yote. Nimewatia matonge mdomoni wote wawili mpaka wamekufa, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naamini nini. Haya, kula.”