Daftari Jekundu Tulilokuzika Nalo

Kwa Dk. Felicitas Dimayuga, mwalimu wa fasihi na tamthilia

Dada Fely, leo umetimia mwaka tangu utuache. Asubuhi tumekusomea misa, wenzangu wakavua nguo nyeusi za msiba kama desturi yetu ilivyo, tukapika tambi na wali wa kunata kwa nazi. Mimi zangu sijazivua. Nitakwambia kwa nini, ingawa bila shaka unajua.

Miaka thelathini na minne ulifundisha chuo kikuu Manila, na kila Ijumaa ulipanda basi ukarudi kwetu Laguna na mfuko wa mitihani ya wanafunzi. Uliisahihisha jikoni, ukitafuna karanga za vitunguu saumu. Aliyeandika hovyo ulimhurumia. "Huyu hakunywa chai asubuhi," ulikuwa ukisema, kisha unamwongezea alama mbili. Nilikucheka sana. Mmoja wa hao wa alama mbili alilia kwenye msiba wako mpaka mume wangu Nestor akamletea kiti.

Lakini roho yako yote ilikuwa kwenye komedya ya kijiji chetu, ule mchezo wa wafalme wanaopigana vita, na wa mabinti zao na wapenzi wao, yote kwa mashairi, siku tatu mfululizo kila sikukuu ya Mei. Waigizaji wetu hawakariri. Mtu mmoja ananong'ona chini ya jukwaa, nao wanapokea mstari kwa mstari. Maneno yote yamo katika daftari moja, na sheria ya wazee ni kwamba halinakiliwi. Mzee Crispulo, aliyenong'ona kabla yako, alipopofuka, alikukabidhi wewe daftari na kazi ya kunong'ona.

Nawe ukaitii sheria hiyo, mkaidi wewe! Uliandika vitabu vitatu juu ya mwendo wa waigizaji, muziki wao na mavazi yao, bila kuchapa hata ubeti mmoja. Chuoni wakakunyima uprofesa mara mbili. "Daktari, ushahidi uko wapi?" wakakuuliza. Ukawajibu, "Njooni Mei, na mje na miavuli." Ulitusimulia huku unacheka, halafu ukajifungia chumbani. Nilikusikia unalia. Sikubisha hodi.

Kila jioni uliyokuwa nyumbani ulikaa barazani na kijitabu chenye jalada la kitambaa chekundu, midomo ikichezacheza. Nilidhani unasali. Daftari la komedya, kwa akili yangu, lilikuwa lile kubwa la jalada la ngozi kabatini. Ulipofariki ghafla, nilikiweka mimi mwenyewe kile chekundu chini ya mikono yako, pamoja na rozari. Nestor akasema, "Umefanya vyema, Senda."

Siku ya arobaini Mzee Crispulo alikuja kukuombea. Akala, akafuta mdomo.

"Haya Senda, nipe daftari letu. Tumempata binti wa kunong'ona."

Nikamletea lile kubwa. Akalipapasa, akatabasamu. "Acha utani, mwanangu. Hili ni la picha za mavazi. Nataka lile dogo, la kitambaa."

Nikamwambia liliko.

"Basi tulitoe."

"Kaburi halifunguliwi mpaka itimie miaka mitano, Mzee. Ndiyo sheria."

"Mitano? Senda, mimi nina themanini na tisa."

Nilikwenda ofisi ya mji mara nne. Nililia, nikapeleka keki, nikampeleka na padri. Wapi!

Mei hii walicheza hivyohivyo. Mzee alinong'ona yaliyobaki kichwani mwake, mimi nikimpepea kule chini ya jukwaa. Siku ya kwanza ilikwenda. Siku ya pili, binti mfalme alipiga magoti mbele ya baba yake kumwombea mpenzi wake asiuawe, na hapo Mzee akakwama. Bendi ikapiga, waigizaji wakazunguka jukwaa, wakarudi palepale. Mara tatu, Dada. Binti wa watu yuko magotini, anatutazama kwenye upenyo wa mbao, anangoja.

Mzee akanishika mkono. "Anasemaje hapa, Senda? Si ulikuwa ukikaa naye?"

Sikuwa na hata neno moja la kumpa. Miaka kumi na moja uliyasoma maneno hayo kila jioni uliyokuwa nyumbani, hatua mbili kutoka kwenye kiti changu, nami naongeza sauti ya redio nisikie mchezo wangu. Binti yule aliinuka, akapangusa magoti, akashuka. Siku ya tatu hawakucheza.

Nisamehe. Nguo nyeusi nitazivaa mpaka siku watakapofungua kaburi lako, na sijui kama karatasi itakuwa bado karatasi.

Tunaokukumbuka ni mimi mdogo wako Rosenda, shemeji yako Nestor, watoto wetu Amado na Teresita, Mzee Crispulo, ambaye bado ananiuliza imebaki miaka mingapi, na waigizaji wote wa kijiji. Hatutakusahau kamwe, Dada. Jioni nakaa barazani karibu na kiti chako. Redio nimeizima.