Picha ya Mkono wa Jhumur

Kwako mwanangu Mokhles, huko Katar,

Sisi wazima. Bata wanataga, paa halivuji tena, na fenesi la nyuma ya jiko limeiva, nimelila bila kukusubiri.

Jhumur alirudi juzi kutoka Kathmandu na timu ya taifa ya wasichana wasiozidi miaka kumi na sita. Waliwafunga wenyeji mabao mawili kwa moja, na la pili ni la mwanao. Kijiji kizima tulijazana kwenye runinga ya muuza chai. Kalam, yule mshenga wako, akaguna: "Bibi, msichana wa kupiga mateke atampikia nani?"

Nikamwambia, "Wewe umepikiwa miaka arobaini, umefunga magoli mangapi?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa lile jambo. Cheti cha kuzaliwa ulichomtengenezea kabla hujasafiri, ili harusi yake ipite, kinasema ana miaka kumi na minane. Kwa cheti hicho timu ilitaka kumwacha. Nikawapelekea kadi yake ya chanjo ya utotoni, na daktari wao akampiga picha ya mifupa ya mkono, kama wanavyopigwa wenzake wote. Mifupa imesema bado mtoto.

Picha hiyo nimemwonyesha Kalam. Hajarudi tena hapa.

Usininunie. Njoo Idi, nitakuchinjia bata.

Ni mimi mama yako, niliyeolewa nikiwa na miaka kumi na miwili, na mkono wangu hakuna aliyeupiga picha.