Salamu ya Mkono Mmoja

Murubona, Kasulu
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Kwako Haidari,

Asalaam aleikum. Nakusalimu kwa sababu marehemu baba yangu alinifundisha kwamba salamu hainyimwi hata mwizi aliyefungwa kamba. Usidhani kuna zaidi ya hapo. Hii ni salamu ya mkono mmoja, ya dereva anayepita. Hamjambo huko Kibondo? Presha ya mzee wako inaendeleaje? Na duka je? Sisi huku tuzima, ukiniacha mimi niliyekimbiwa na usingizi, na Rosa mke wangu, ambaye siku hizi ananipakulia ugali kisha anaondoka kwenda kula jikoni.

Ujumbe wako Shadia ameufikisha. Dada yako ni mwaminifu, hakupunguza hata neno. Alisimama mlangoni kwangu, majirani wote masikio wazi, akasema kaka yake amesema nisipokwenda kukiri kabla ya mwezi kwisha, ataita mashehe wanisomee halbadiri nipatwe na kitakachonipata. Haya bwana! Miezi mitano tumekula sahani moja, leo unanitishia kisomo. Soma basi. Mimi Mkristo, lakini sijasema siogopi.

Ila na mimi nina yangu. Umenitangaza stendi ya Kibondo kwamba Bazilio ni mwongo na muuaji, na mimi si muuaji, mzee wa baiskeli yuko hai. Mwezi wa sita Rosa alipokuja dukani kwenu ulimwambia sukari imekwisha, na huku magunia anayaona kwa macho yake. Rosa alikukosea nini? Ugomvi wa wanaume unauingiza kwenye chai ya mwanamke! Hilo sijalisahau na sitalisahau.

Halafu unasema nimesahau yaliyotokea. Nisahau vipi? Dokta Asmahani wa utafiti alipotuletea lile gari la kujiendesha, sisi madereva tulicheka tukashika mbavu. Alisema wameichagua barabara ya Kasulu na Kibondo kwa sababu lami ni mpya, mistari bado myeupe, magari machache, lakini watu, baiskeli na mbuzi ni wengi. Akasema na jambo moja ambalo tulilichukulia utani: kwamba gari limeshapimwa huko lilikotoka, wanaopimwa hapa ni sisi. Anataka kujua dereva anafanya nini akishakuwa hana la kufanya. Kamera ikaniangalia macho nisije nikasinzia, mikono haiioni, mchana kutwa kama mkwe anayenitilia shaka. Usukani nao ulikuwa unahisi uzito wa mkono. Ukiuachia kidogo tu, kengele inalia kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Na gari likishindwa lenyewe, inalia kengele kubwa, na hapo nina sekunde sita za kulichukua. Wewe ulikaa kiti cha nyuma na kompyuta yako na kitufe chekundu cha breki. Ndiyo ilikuwa kazi yako, bosi wa kitufe.

Mwezi wa tatu, karibu na njia panda ya Rungwe Mpya, Mzee Reverien alikuwa kando ya barabara anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Baiskeli ikamponyoka, ikateremka hadi katikati ya lami, naye akaikimbilia. Kengele kubwa ikalia. Gari likamgonga. Wewe ulibonyeza, lakini ulikuwa umechelewa. Wiki ile ile wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Kwenye kikao ukasema uliona mikono yangu hewani. Mimi nikasema mikono yangu haikutoka kwenye usukani, ila usukani uligoma kukata. Wakafungua kumbukumbu za mtambo, na mtambo ukasema mkono ulikuwepo, tangu tumetoka Makere hadi tunamgonga mzee, haukutoka hata mara moja. Basi ikawa mimi na mtambo kwa upande mmoja, na wewe peke yako upande wa pili. Ukaandikiwa barua ya kuachishwa kazi, kwamba umetoa maelezo ya uongo ili kuficha uzembe wako wa breki. Lile shirika la kambi ya wakimbizi lililokuwa tayari kukuajiri nalo likaipata habari, likakufungia mlango. Nilikuona siku ile unatoka ofisini na mkoba wako. Hukuniangalia, nami nikajifanya naongea na simu.

Sasa sikiliza na vichekesho. Jumatatu hii inayokuja saa tatu asubuhi naitwa ofisini kwao hapa Kasulu nikasaini mkataba wa awamu ya pili. Wanataka niwe mwalimu wa madereva wapya kumi, kwa kuwa katika kumbukumbu zao zote hakuna dereva aliyeshika usukani vizuri kama mimi. Mimi, Bazilio! Na gari jipya wanalifanyia marekebisho kwa kufuata vipimo vyangu, maana wameandika kwamba usukani ndio mgumu na dereva hana tatizo. Ningesaini, Haidari. Nakwambia ukweli wa Mungu, hata baada ya Shadia kunitolea vitisho vyako mlangoni, kalamu nilikuwa nayo mfukoni.

Juzi Jumatano akaja Mzee Reverien mwenyewe, kwa bodaboda kutoka Rungwe Mpya, magongo yake yamefungwa nyuma kwa mpira. Nilipomwona nikasema leo nimekwisha, amekuja kunilaani. Rosa akampa kigoda. Akaegemeza magongo ukutani, akakaa, akaunganisha viganja vyake viwili, akainamisha kichwa, akanisalimu kwa Kiha, mwakeye. Halafu akasema amekuja kuniomba radhi.

Alisema miaka yote anatembea kando ya barabara ile, na madereva hawamjui ila kwa honi. Siku ile kwa mara ya kwanza akaona dereva anaachia usukani, anaunganisha viganja na kumwinamia kama kijana aliyelelewa. Akaona haya kumjibu kwa mkono mmoja. Akaachia baiskeli ili na yeye aunganishe viwili. Kwa hiyo, alisema, kosa ni lake mwenyewe na baiskeli yake. Amesikia kuna kijana wa Kibondo kapoteza kazi kwa ajili hiyo, na Jumatatu atajikongoja hadi ofisini kuwaambia wakubwa kwamba aliyekosea ni mzee.

Rosa aliniangalia, Haidari. Aliniangalia tu, kwa sababu Rosa ndiye aliyekishona.

Alikishona nini? Kimfuko cha kitenge, kama kiganja. Nilimwambia ni cha kuwekea chumvi ya safari. Nikakijaza kokoto na kukifunga chini ya usukani, upande wa kushoto, ambako wewe nyuma huwezi kukiona. Usukani ukihisi uzito unadhani ni mkono wangu, kengele inanyamaza. Mkono uliosifiwa na mtambo wao ni huo. Wenzangu wangefanya hivyo ili wachezee simu. Mimi sikuchezea simu.

Baba yangu nilikusimulia, mzee wa Munanila. Mwaka wangu wa kwanza kuendesha lori nilimkuta barabarani, nikampigia honi kwa furaha ili anione nimekuwa mtu. Hakuitikia. Jioni aliniuliza tangu lini mtoto anamsalimu baba yake kwa honi, kama anafukuza ng'ombe njiani. Nikamjibu kwa kiburi kwamba dereva hana mikono ya ziada. Miezi miwili baadaye tukamzika. Tangu hapo nimewapigia honi wazee wa watu miaka kumi na miwili, na kila honi ilinichoma. Basi wakaniletea gari lisilohitaji mikono yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilianza kuwasalimu. Wazee wa Makere, wa Mvugwe, wote, kwa mikono miwili, nikipita. Wewe kichwa chako kilikuwa kwenye kompyuta, hukuona hadi siku ile moja.

Na sasa neno lenyewe, ambalo hata Rosa halijui. Kengele kubwa niliisikia. Ilinikuta nimeinama, viganja pamoja, mzee naye ananiitikia. Nilikuwa na sekunde sita. Salamu ya mzee haikatwi katikati, ndivyo nilivyolelewa, na mimi nilimaliza kwanza salamu. Nilipoinua kichwa zilikuwa zimekwisha.

Wewe uliruka ukamkimbilia mzee. Mimi nilibaki ndani nikafungua kile kimfuko, nikakitia mfukoni, ndipo nikashuka. Kabla sijamtazama mtu niliyemgonga, nilitazama kokoto zangu.

Siku ile Shadia alipomaliza kunitangaza alikaribia, akasema kwa sauti ya chini kwamba ulikwenda kupimwa macho, na umenunua miwani. Kwamba nyumbani wamekwambia sana mtambo hausemi uongo, hadi na wewe unajiuliza uliona nini. Nilifunga mlango usoni mwake. Matusi yako nayaweza, Haidari, hata halbadiri ningejikaza. Hiyo miwani ndiyo imenishinda. Ivue. Macho yako hayana ugonjwa wowote. Ulichokiona ndicho kilichokuwepo.

Kimfuko Shadia anacho, amekibeba pamoja na barua hii, na kokoto zake zote. Sijamwambia ni nini. Leo ni wewe unayekishika, mimi sina kitu tena. Ukitaka kukitupa mtoni, kitupe. Ukitaka, panda gari Jumapili uje nacho. Jumatatu saa tatu nitakuwa ofisini kwa Dokta Asmahani kabla mzee hajafika, na nitasema haya niliyoyaandika, leseni waichukue na polisi waje. Lakini wale ni watu wa vipimo, maneno yangu peke yake hawatayaamini. Watataka kukipima kwenye usukani wakione.

Usije ukadhani tumepatana. Bado nina kinyongo cha sukari, na najua chako kwangu ni kikubwa zaidi na hakiishi kwa barua. Msalimie mzee wako, mwambie apunguze chumvi. Wasalimie wote nyumbani wanaokubali kusikia jina langu. Rosa anakusalimu, yeye hajaacha kukusalimu hata siku moja.

Salamu ya mwanzo ilikuwa ya mkono mmoja, nikaona si haki kufunga nayo. Nimeweka kalamu chini, nimeunganisha viganja, nimeinama kwenye meza hii peke yangu hadi ilipokwisha. Kisha ndipo nikaishika tena kalamu kutia sahihi.

Mwakeye, Haidari.

Bazilio Ndayikeza