Kabula, maji yalikuwa ya duara langu

Kabula, mtoto wa dada yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali hapa Ushirombo, karatasi nimeiweka juu ya goti. Mdogo wako Limi yuko wodini. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, kama ilivyokuwa yako. Leo asubuhi alitoka chooni akaniambia, "Mjomba, mkojo wangu umekuwa kama chai ya rangi." Nikamtazama machoni. Njano, Kabula. Njano ileile.

Mimi unanijua. Ndimi niliyekwambia nilikutana na chatu ndani ya duara, shimo letu la dhahabu, futi mia chini, nikamfunga fundo kwa mkia wake mwenyewe. Ulicheka hadi ukashika tumbo. "Mjomba, juzi huyo chatu alikuwa kenge!" Hiyo ni mwaka jana, ulipokuja kwangu kambini kusubiri kujifungua. Mtoto wa kwanza anazaliwa kwenu, na kwa kuwa mama yenu hayupo, kwenu ni kwangu. Nilijivuna mno. Kitu cha kwanza nilichokupa ni kikombe cha maji yanayovutwa na pampu kutoka ndani ya duara letu. Baridi kama ya kwenye friji.

"Kunywa," nikakwambia. "Haya yamechujwa na mwamba. Hata waziri hana maji kama haya."

Ukauliza kama tunayachemsha. Nikasema kuchemsha maji ya dhahabu ni kuyatukana.

Macho yako yalipogeuka, nilifanya nini? Nilitania. Nilisema dhahabu imekupanda machoni, tukikuosha kwenye karai hatukosi gramu mbili. Ukacheka kidogo, ukatapika. Siku tatu nzima nikakunywesha mizizi, nikijitapa kwamba nimeshaponya manjano kambi nzima. Siku ya nne ukaniita kwa jina la mama yako. Ndipo nikakuleta hapa. Daktari akasema ni homa ya ini, aina ya E, inaingia kwa maji yenye kinyesi. Wengi wanaumwa wanapona, ila mjamzito inaweza kumgeukia vibaya sana. Akaniuliza, "Maji mnatoa wapi, mzee?" Nikamjibu, "Tunachemsha, daktari."

Ukafa, wewe na mtoto.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nina miaka ishirini kwenye uchimbaji, mwamba naujua. Lile duara la zamani, dhahabu ilipoisha, tulilifanya choo cha kambi. Nani achimbe choo na shimo lipo tayari? Na huko chini lile duara limekutana na letu. Nililitoboa mimi mwenyewe nikifuata mkanda wa dhahabu. Kuna upenyo mkono unapita. Nilijiambia uchafu unashuka tu, hauendi pembeni. Watu nimewadanganya sana maishani, ila uongo huu niliuamini mwenyewe. Limi alipofika kutoka Ushetu miezi miwili iliyopita, naye nikampa anywe.

Leo nesi ameuliza lile swali la maji. Mdomo ulishaanza, "Tuna..." Nikamwona Limi anavyojikuna mikono. Nikasema yote, choo, upenyo, pampu. Nesi akaacha kuandika.

"Wajawazito wengine wapo huko?"

"Watatu," nikasema. Na kweli ni watatu, Kabula.

Bwana afya atafika kambini kesho. Lakini leo jua ni kali, watakunywa. Nikampigia Mama Shija, yule mpishi wetu, naye ni mmoja wa hao watatu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mwaga maji yote ya pampu. Yana ugonjwa. Yamemuua Kabula."

Akaangua kicheko. "Jamani njooni! Mjomba leo duara lake linaua watu!" Nikasikia wanaume wakipiga makofi. "Ya leo kali! Iendelee!" Nikaapa. Nikalia. "Sikieni, na kulia analia kabisa!" Simu ikaisha chaji.

Kwenda siwezi. Nimeambiwa nikae na Limi, akianza kuchanganya maneno niite mtu mbio. Kwa hiyo kila mara naingia kumuuliza mimi ni nani. "Wewe ni mjomba," anasema. "Mbona umeniuliza sasa hivi?" Narudi kwenye benchi, naandika mstari mmoja, naogopa, naingia tena.

Naogopa, Kabula. Sijawahi kuliandika neno hilo.

Kama huko uliko kuna njia ya kumtokea mtu, mimi niache. Nenda kwa Mama Shija. Mshike mkono kabla hajachota. Wewe atakuamini.

Kaka wa mama yako