Futa Ndani, Usiache Hata Chembe

3 Machi

Kwako mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu baba alitulea kwa salamu, si kwa sababu unazistahili. Mimi mzima, cherehani nayo nzima. Hali yako sikuulizi. Mtu anayeshindwa kuja kumzika baba yake ama ni mgonjwa ama ana kichwa kigumu, na ungekuwa mgonjwa ningeambiwa.

Simu zako sipokei. Nilisema siku ya mazishi mbele ya watu kwamba sauti yako sitaki kuisikia, na bado sitaki. Barua sikuziapia, ndiyo maana unaona mwandiko wangu.

Sasa sikia. Baba amekuachia maneno. Wiki tatu kabla hajafa alinituma kwa mpiga picha wa harusi nikaazime kamera. Akakaa kwenye kigoda chake kule karakanani, akanipa kamera niishike, akaongea dakika kumi na mbili. Anaongea na wewe tu. Mpiga picha akaja na waya, akaziingiza picha ndani ya ile deki ya DVD uliyotuma, akachukua kamera yake akaenda. Baba akanishika mkono akasema, "Usije ukamwambia kwa mdomo wako, utatia chumvi. Mchomee kwenye diski, anione mwenyewe." Nikamwahidi.

Na deki yako inagoma kuchoma. Naweka diski tupu, inazunguka, inakwaruza, inafika robo, inaitema. Diski sita zimeshaharibika. Kwenye televisheni baba anaonekana vizuri tu, ila kutoka humo hatoki. Si wewe ndiye fundi? Si kwa ajili ya ufundi huohuo wa nyaya, badala ya useremala wake, uligombana naye miaka minane? Haya, fundi, tusaidie.

Dada yako

17 Machi

Shikamoo dada,

Barua imefika. Mimi sijambo, ahsante kwa kutoniuliza.

Ya mazishi nilidhani yamekwisha. Ulitaka nije nisimame katikati ya watu walewale waliomsikia akisema mikono yangu ni ya kushikia kijiko tu? Fundi seremala mzima, mbele ya wateja wake, anamwambia hivyo mwanawe wa kumzaa! Nilisema sitakanyaga humo mpaka afute kauli yake. Hakuifuta, akafa. Sasa kosa langu liko wapi?

Tuje kwenye deki. Diski ziko za aina mbili, zenye alama ya kutoa na zenye alama ya kujumlisha. Hiyo inataka za kutoa, nawe nina hakika umenunua za kujumlisha. Halafu achana na zile za rundo zisizo hata na boksi. Ikishamaliza kuchoma lazima uifunge diski kwenye orodha ya skrini, la sivyo haitasomeka kwingine. Na ikiwa inachoma usiisogeze wala usiipige makofi. Nakujua.

Kwani amesema nini? Mstari mmoja tu, dada.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku kwema.

Nimenunua za kutoa, za boksi. Tatu. Zote zimetemwa. Kwa hiyo si diski, bwana mkubwa, na sikuipiga makofi.

Yale maneno ya Kizungu ya kwenye skrini nilikuwa nayakodolea macho tu, basi nikamwita mwalimu jirani. Ameniandikia vikaratasi, tumevibandika kwenye rimoti: CHEZA, CHOMA, FUTA, NDIYO. Na kwenye daftari amenichorea ipi ni diski ya ndani, ile isiyotoka, na ipi ni ya nje, ninayoingiza mimi. Sasa naijua kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nauliza: kwa nini inafika robo halafu ndiyo inakataa? Kwa nini isikatae mwanzoni tujue moja? Nimpelekee fundi wa sokoni?

Labda nikueleze ilikokaa. Ilipofika hapa baba hakutaka hata kuitazama, mwaka mzima. Kisha akaibeba karakanani, akaiweka juu ya benchi kando ya randa, na huko ndiko ilikokaa miaka miwili. Anapiga randa, deki iko wazi, anatazama mechi. Nilimrudisha ndani mgonjwa, naye akarudi na deki kwapani.

Mstari mmoja sikupi. Nilimwahidi. Na nikwambie jingine linaloniuma. Dakika kumi na mbili zote hizo ni zako, wewe uliyekwenda zako. Mimi niliyemwogesha, niliyemlisha, niliyelala sakafuni kando ya kitanda chake, hakunitaja, ila "shika vizuri hiyo kamera". Nimejaribu kuichoma mara tisa sasa, na kila diski ikitemwa lazima niisikilize yote upya, nihakikishe bado yumo. Upesi basi!

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Karakanani! Mnaweka deki karakanani, kando ya randa, halafu mnaniuliza kwa nini haichomi! Mngeitia na kwenye ndoo ya gundi basi, tujue moja.

Fundi wa sokoni usimpe hata aiguse. Atachukua vya ndani akuachie boksi.

Wewe na maswali yako, tangu utotoni. Nikisema kaa, unauliza kwa nini. Nikisema simama, unamwita mwalimu. Safari hii, mara moja tu katika maisha yako, fanya ninachokwambia bila kuuliza. Imejaa uchafu. Futa ndani. Futa vyote, usiache hata chembe, ndipo uchome. Ni kazi ya dakika mbili. Na diski ikitoka usikae nayo, itume siku hiyohiyo. Nimechoka kungoja maneno ya mtu aliyekufa.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumai u mzima, na hii nauliza kwa kweli.

Nimefanya ulivyosema. Nimefungua orodha ya diski ya ndani. Humo kuna mechi za baba, kuna taarifa za habari, na mwisho kabisa kuna yeye. Mwanzoni nikasema uchafu ni hizo mechi. Lakini fundi amesema vyote, amesema hata chembe, na amesema nisiulize. Nikadhani ndivyo zinavyosafishwa, kwamba unafuta orodha, mtu mwenyewe anabaki chini yake. Nikabonyeza FUTA. Ikaniuliza, kwa tafsiri ya daftari la mwalimu, kama nina hakika. Hakika sikuwa nayo, lakini nikajisemea, acha mara hii nimtii mdogo wangu. Nikabonyeza NDIYO.

Nikaweka diski, nikabonyeza CHOMA. Inasema hakuna kitu.

Yuko wapi? Mwalimu amekuja, ametazama skrini, akaaga bila hata kunywa maji. Niambie amejificha sehemu gani humo ndani nimtoe. Nijibu upesi.

Dada yako

6 Mei

Umemfuta.

Hukukosea wewe, ulikusudia. Mtu anayejua ipi ya ndani na ipi ya nje, mwenye daftari na mwalimu, hakosei hivyo. Nilisema ufute uchafu! Vumbi! Kwa pamba na spiriti, kwenye lenzi! Nani kakwambia ufute watu?

Ulishaandika mwenyewe kwamba inakuuma hakukutaja. Basi umehakikisha na mimi nisitajwe. Miaka minane nasubiri neno moja la mzee yule, limekaa kwenye deki niliyoinunua mimi, na wewe unabonyeza kidude cha rimoti. Hongera. Kaa na nyumba, kaa na benchi, kaa na kila kitu.

Usiniandikie tena.

15 Mei

Mdogo wangu,

Shikamoo umeimeza safari hii. Sawa, nimeona.

Humu ndani nimekutilia barua yako ya tarehe 11 Aprili, nimeipigia mstari mwekundu. Isome taratibu kama ulivyokuwa ukisoma darasa la pili, kwa kidole. Tafuta neno "pamba". Tafuta "spiriti". Tafuta "lenzi". Ukiliona hata moja, rudi uniite muuaji wa baba, nami nitaitika.

Niliambiwa nisiulize, sikuuliza! Maisha yangu yote nimeuliza na hakuna aliyekufa kwa swali langu. Siku niliyonyamaza nikakutii ndiyo siku nimempoteza baba mara ya pili. Halafu unasema nimefanya kwa kijicho. Mimi! Nimekaa wiki nzima nikishindwa hata kupima nguo ya mteja. Huna haya.

Basi nikaifungua deki mwenyewe kwa bisibisi ya baba. Skrubu moja haikuwepo. Ndani kuna vumbi la mbao, laini kama unga, limejaa mpaka kwenye kile kijicho cha kioo unachokiita lenzi. Nikakifuta kwa pamba na spiriti, pole pole. Jana nimerekodi taarifa ya habari yote nikaichoma kwenye diski. Imechoma toka mwanzo hadi mwisho, haikukwaruza hata mara moja. Deki yako nzima, fundi. Haina cha kuchoma.

Dada yako, upende usipende

2 Julai

Shikamoo dada,

Natumai hujambo, na kazi inakwenda.

Wiki sita nimekaa na ile barua mezani. Mwandiko ni wangu. Pamba haimo. Lenzi haimo. Nilikuwa na hasira, nikaandika kama naongea na fundi mwenzangu tuliyekaa naye benchi moja, anayejua ninachomaanisha kabla sijamaliza. Kumbe naandikia mtu mwenye rimoti yenye vikaratasi, na vikaratasi hivyo ulinieleza mwenyewe, nikavisoma nikavipita. Nilijua baba yumo humo ndani. Nikaandika "futa vyote". Nimewauliza mafundi watatu wanaonizidi, wote wamesema kilichofutwa kikarekodiwa juu yake hakirudi.

Sikulaumu. Nilichokusingizia, nakirudisha kwangu. Ile ya kijiko pengine ilikuwa kweli, maana tazama mikono hii ilichokifanya kwa kalamu tu.

Najua ulimwahidi. Lakini sasa hayupo pengine popote isipokuwa kichwani mwako. Tia chumvi unavyotaka, dada. Niambie.

Mdogo wako

13 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Bado nina hasira, usidhani zimekwisha kwa sababu umejua kuandika barua nzuri.

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, kila diski iliyotemwa ilinisikilizisha. Nayaandika kama yalivyo. Chumvi sitii hata punje.

Dakika tatu za mwanzo ni malalamiko. Kigoda kinayumba, jua linampiga machoni, mimi sijui kushika kamera. Hayo yaache. Kisha akasema:

"Bwana Nyaya. Deki yako nimeifungua. Usikasirike, nilikuwa sina kazi wiki ile. Nimetoa skrubu zote nikakaa naitazama kutwa nzima. Hakuna hata kimoja humo ninachojua kinafanya nini. Lakini mimi nimetazama viungo miaka hamsini, na kiungo kilichokaa sawa nakijua. Humo ndani kila kitu kimekaa. Nikasema, kumbe kijana alikuwa anaona hivi, na mimi nilikuwa naona nyaya."

Akakohoa hapo, kirefu. Nikataka kuzima, akanikataza kwa kidole.

"Ile kauli ya kijiko nilikosa. Naifuta. Niliisema mbele ya watu, na ningependa kuifuta mbele ya watu, ila wewe huji na wao wanazidi kupungua. Basi naifutia hapa. Nimeifuta, umesikia? Isibaki hata alama."

Ndiyo, ni neno hilohilo. Tangu Machi nimelala nalo na kuamka nalo, uliponiandikia kwa kiburi kwamba hakuifuta. Alishaifuta. Ilikuwa kwenye deki yako.

Akaendelea, "Nilipoifunga skrubu moja imebaki. Inafanya kazi bila hiyo, lakini inanisumbua, kazi isiyokwisha. Iko kwenye kopo la misumari midogo. Wewe ndiye unayejua inakoingia, njoo uitie." Halafu mechi, nani alifunga nani, dakika mbili nzima, hayo siandiki.

Mwisho akasema, "Haya, zima sasa. Dada yako mkono umemchoka tangu zamani, ila hasemi."

Nikazima.

Nilikwambia hakunitaja. Nimeandika sentensi hiyo ya mkono hapo juu sasa hivi, kwa kuwa nilisema nayaandika kama yalivyo, nikaisoma, nikaiweka kalamu chini. Siku ile nilidhani anasema kuchoka kwa kushika kamera. Mara zote tisa nilidhani anasema kamera.

Skrubu nimeipata koponi, nimeihamishia kwenye droo ya cherehani isije ikapotea. Piga simu mchana. Nitapokea. Ukianza kujitetea nakata.

Dada yako