Pembe ya Shamba Isiyolimwa

Sharpstown, Houston
Jumapili, katikati ya Oktoba

Baba yangu mpendwa Audace,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti linalokusumbua mvua ikinyesha limetulia, unapanda ngazi za nyumba yako bila kushika ukuta. Sisi huku hatujambo. Mkweo Aimable bado yuko kwenye ghala la matairi, na zamu yake sasa ni ya mchana, kwa hiyo tunaonana. Diane ameng'oka meno ya mbele na anacheka amefumba mdomo kama mtu mzima mwenye aibu. Je, hapo Vickery Meadow majirani hawajambo? Bado unatembea asubuhi mpaka kituo cha treni kuwatazama watu wakienda kazini?

Najua utashangaa kupata barua ilhali tunapigiana simu kila Jumapili baada ya misa. Nimeandika kwa sababu simu yetu ina tabia yake. Nikifika kwenye neno fulani, unaniambia kuna mtu anabisha hodi, na siku hiyo tunaishia hapo. Nakuomba hii uisome polepole mpaka mwisho. Kaa kwenye kile kiti cha dirishani.

Nilikuambia kwamba tangu mwaka jana namtunza bibi mmoja kule Stafford. Sikukuambia ni nani. Anaitwa Bibi Gurdev, ni Kalasinga, miaka yake ni themanini na mitano, na anaishi na mwanawe Jagtar kwenye nyumba yenye bwawa nyuma. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiingereza. Akaniangalia kutoka ndani ya mtandio wake mweupe, akauliza, "Wewe toka wapi? Unajua Kiswahili?" Baba, nilitaka kukaa chini. Kumbe aliolewa Kericho, mume wake alikuwa fundi wa mashine za chai, na alikaa Kenya mpaka alipozeeka. "Mimi kaa Kericho siku mingi sana," akasema. "Hapa hakuna mtu ya kuongea. Watoto najibu Kiingereza tu."

Basi tukawa na lugha yetu ndani ya nyumba ile. Mchana, jua likipiga kwenye bwawa, tulikaa kibarazani, naye akawa anaondoka taratibu. Mwili ulibaki kitini, yeye akaenda kwao. Huku Stafford kuna ndege weupe wenye miguu mirefu wanaofuata mashine ya kukata majani. Kila alipowaona aliniuliza kama nyati wa maziwa wamesharudi, na kama babu yake ameshanawa mikono ale. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nikazoea kujibu kwamba bado, ila hawako mbali. Ardhi ya huku ni tambarare, joto linatetemeka juu ya majani, na kusema kweli siku nyingine hata mimi nilikuwa naangalia ng'ambo ya bwawa nione vumbi la ng'ombe.

Kwao ni wilaya ya Sialkot, upande wa Pasrur, nchi ambayo leo ni Pakistani. Ni nchi ya zamani ya Wajat, watu wa jembe. Aliniambia mji wa Sialkot umekaa juu ya kilima cha udongo, na udongo wenyewe ni mji juu ya mji. Inasemekana hata wafalme wa Kiyunani walitawala hapo, kabla Yesu hajazaliwa. Wakati wa baridi, mvua ikishaosha hewa, unapanda juu ya paa la nyumba na kuiona milima ya Kashmir na theluji yake, kama nguo zilizoanikwa mbali sana. Kijiji chao kiliitwa Kotli Jaimal. Kulikuwa na kijito kinachoitwa Degh, ambacho msimu wa mvua kilifurika, kikaharibu mashamba na kuacha matope, na kwenye matope hayo wakapanda mpunga ambao ukipikwa, jirani wa tatu anajua kwamba leo mnakula wali.

Ukoo wao ni Bajwa. Wazee wake walimsimulia kwamba hapo kale babu wa ukoo alikuwa mfalme Multan, akashindwa vitani, na wanawe wawili wakatoroka wamejifanya wafuga vipanga, kila mmoja na ndege wake mkononi. Mmoja akapanda milima ya Jammu, akaoa huko. Mwingine akafika Pasrur akiwa na njaa, akaoa binti wa Kijat, na watoto wake wakawa wakulima. Bibi alicheka alipofika hapo. "Sisi yote toka kwa mtu ya kukimbia," akasema. Baadaye wengine wa ukoo huo wakafuata dini ya Kalasinga, wengine Uislamu, lakini ukoo ukabaki mmoja. Mashamba yao yalinywa mfereji mmoja. Mtu akioza binti, upande wa pili wanaleta vitanda vya wageni.

Halafu ukaja mwaka wa arobaini na saba, nchi ikakatwa mara mbili, na upande wao ukawa wa Waislamu. Bibi alikuwa na miaka saba. Mama yake alikuwa amekanda unga, akaufunika kwa kitambaa kibichi, wakaondoka kabla haujaumuka. Walitembea na maelfu ya watu mpaka mto Ravi, wakavuka daraja la Dera Baba Nanak, na upande wa pili wakaitwa wakimbizi. Babu yake alikataa kuondoka. Alikaa kwenye kitanda chake cha kamba uani, akasema hawa ni watu wa ukoo wake, nani atamsumbua mzee? Hawakusikia habari zake tena. Miaka yote hiyo, Baba, watu wazima wa familia walipoulizwa walisema tu amekufa, na kugeuza maneno.

Ndiyo maana alikuwa anatoka. Mara mbili alifungua mlango wa mbele akaenda kumchukua babu. Mara ya pili askari polisi alimkuta pembeni ya barabara kubwa, amevua viatu na kuvishika mkononi, kwa sababu alidhani anavuka maji. Jagtar aliogopa sana siku ile. Si mtu mbaya, anampenda mama yake, lakini daktari alikuwa amemwambia bibi akumbushwe kila mara kwamba hapa ni Texas. Akaniambia hadithi za Pasrur zikome, kwamba mimi ndiye ninayemfungulia njia, na kwamba akitoka tena atampeleka kwenye nyumba ya wazee na kazi yangu itaisha.

Nilijaribu kutii. Aliponiuliza babu yake yuko wapi, nikamwambia, "Bibi, hapa ni Texas. Babu alishafariki zamani." Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa kwa kofi. "Nani nakwambia?" akauliza. "Nani naona?" Alilia mpaka jioni, na mimi sikurudia tena.

Mwezi wa nane nilikwenda naye mtaa wa Hillcroft kununua unga na dengu. Kwenye duka kulikuwa na mwanamume wa makamo anapima mapera, anaongea na mteja. Bibi akasimama. Kisha akamshika mkono wa shati na kumuuliza kitu kwa Kipunjabi, sauti yake ikawa ya mtoto. Yule bwana akaacha mizani. Aliitwa Ijaz, Mwislamu wa Pakistani. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba bibi amemuuliza ni wa kijiji gani, kwa sababu anasema neno "maji" kama watu wa kwao. Alikuwa wa Kotli Jaimal, Baba. Bajwa wa ng'ambo ya mfereji. Watu wa foleni walianza kunung'unika, naye akawaambia kwa heshima waende kwenye kaunta nyingine, shangazi yake amefika.

Nilimkaribisha nyumbani Jumamosi asubuhi bila kumuomba Jagtar ruhusa. Nilijua ninachohatarisha. Jagtar alipomkuta mlangoni alinivuta jikoni, akaniuliza nimefikiri nini, mama yake ataumia, nani atamtuliza? Nikamjibu kwamba mimi ndiye nipo naye mchana kutwa, na kwamba mama yake tayari anaumia. Nilikuwa nimeshafungasha koti langu moyoni. Lakini Ijaz alikuwa amemsikia. Akaja mpaka mlango wa jikoni, akasema, "Mama yako Bajwa, mimi Bajwa. Acha nikae dakika chache na shangazi, kisha ukinifukuza nitakwenda." Jagtar akatoa kiti.

Huku ilikuwa asubuhi, kwao jioni bado kuna jua. Ijaz akapiga simu ya video, na kwenye kioo akatokea mzee amefunga kilemba cheupe, kaka wa babu yake Ijaz, anaitwa Allah Ditta, aliyepita miaka tisini. Ijaz alinitafsiria kwa sauti ya chini. Bibi akajitaja, binti wa fulani, mjukuu wa fulani. Yule mzee akausogeza uso wake mpaka ukajaa kioo. Halafu akasema, "Wewe ndiwe uliyekuwa unalala kwenye hori la nyati."

Bibi akamuuliza habari za babu.

Mzee akasema babu hakuuawa. Baba yake Allah Ditta alimbeba na kile kitanda chake cha kamba, akamweka kwenye chumba cha nafaka, na waliokuja kutafuta Makalasinga wakaambiwa ndani kuna mgonjwa wa ndui. Aliishi nao mpaka masika ya pili. Alikula chakula chao, akawafundisha watoto kupunga kombeo la kufukuza ndege, na kila jioni aliuliza kama kuna habari za daraja. Alikufa usingizini. Hakuna aliyejua sala za dini yake, na ilikuwa hatari, lakini walijua kwamba kwao mtu huchomwa, hazikwi. Wakakata mti wa mshishamu uliokuwa wa babu mwenyewe, na alfajiri wakamchoma pembeni ya shamba lake. Baba yake Allah Ditta aliwasha moto kwa mkono wake, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kiume wa kuuwasha.

Kisha kule kwao wakaibeba ile simu ya mkononi mpaka shambani. Tukaona mpunga wa kijani unainama kwa upepo, na kwenye pembe moja majani marefu na vichaka. Mzee akasema hapo hawajawahi kulima. Vijana wakiuliza kwa nini wanapoteza ardhi, huambiwa waulize baba zao.

Bibi alikigusa kioo kwa kidole. Hakulia. Alisema, "Alikula?" Ijaz akarudia kwamba alikula, kila siku. Jagtar alikuwa ameshuka kwenye kiti, amekaa sakafuni kama mtoto, ameshika miguu ya mama yake. Hakuwa amewahi kulisikia hata jina la babu huyo.

Sitaki kukudanganya kwamba bibi amepona. Bado anauliza nyati. Bado siku nyingine anafungua mlango, lakini sasa Jagtar akiwepo anavaa viatu na kwenda naye kuzunguka bwawa, na huko njiani anamuuliza, mfereji ulikuwa upande gani? Habari za nyumba ya wazee hazisemwi tena, na mimi kazi yangu ipo. Ijaz huja Jumamosi na mapera.

Sasa Baba, nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku ile nilipotoka kwao nilikaa kwenye gari nikalia. Nilijua mto wa Bibi Gurdev, nilijua mfalme wake na vipanga wake, lakini sikujua hata jina la kilima chako. Nilizaliwa kambini Kasulu, nikakua nikijua tu kwamba ulitoka Burundi wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili ukiwa mdogo, peke yako, na kwamba jambo hilo haliulizwi. Mama, kabla hajafariki, aliniambia vitu viwili tu: kwamba bibi yangu aliitwa Scholastique, na kwamba kanisa lenu lilionekana kutoka ziwani, karibu na Nyanza-Lac. Nilimpa Révérien wa kwaya yetu maneno hayo mawili pamoja na jina lako, kwa kuwa ndugu zake wako huko. Sikukuomba ruhusa. Nisamehe, lakini nisingeipata.

Wiki iliyopita ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yangu. Ni mzee. Nilipomsikia nilidhani ni wewe umenipigia, sauti ni yako kabisa, hata ule mkoromo mdogo kabla ya kuanza kusema. Amenisalimu kwa Kirundi, kisha akasema, "Mwambie Butoyi kwamba Bukuru yupo."

Baba, mimi ni Mrundi hata kama sijawahi kukanyaga Burundi. Najua kwamba majina hayo wanapewa mapacha, Bukuru wa kwanza na Butoyi wa pili. Sijawahi kukusikia ukiitwa Butoyi. Ujumbe unaendelea, ni mrefu. Nilipofika hapo niliuzima, kwa sababu yaliyobaki si yangu kuyasikia kabla yako.

Jumamosi hii sitakuwa Stafford. Jagtar amenipa ruhusa. Nitatoka huku asubuhi na Aimable na watoto, na mchana tutakuwa mlangoni kwako. Ukitaka tuusikilize pamoja, tutausikiliza. Ukitaka usikilize peke yako, nitawachukua watoto tukae uwanjani kwa muda wote utakaohitaji. Na ukisema hutaki, nitakuachia simu yenyewe.

Wasalimie majirani wote wa ghorofani na wanakwaya. Aimable anakusalimu kwa mikono miwili, na Diane anasema babu yake asimcheke meno. Mungu akulinde mpaka nitakapouona uso wako.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Perpétue, binti wa Butoyi