Kuni za mpera kutoka Runingu

Ijumaa, jioni. Joto, na hakuna upepo hata kidogo. Ziwa limetulia kama maji kwenye beseni, milima ya Burundi haionekani. Nimeoga mara mbili lakini nywele zangu bado zinanuka moshi.

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mnaonisoma hapa mtandaoni ni wachache, na hamjui sauti yangu. Hata darasani hawaijui sana.

Mama yangu anauza kuni za kuchomea nyama. Si makala, yaani mkaa, wala si kuni za kupikia ugali. Ni miti migumu tu, iliyokaushwa na kupasuliwa. Wachoma mbuzi wa kando ya ziwa wananunua kwake, na wamama wanaokausha samaki kwa moshi pia. Anasema mkaratusi unaipa nyama ladha ya dawa ya kifua, na mwembe unaijaza masizi. Mpera ndio anaoupenda. Moto wake unakaa, moshi wake ni mtamu.

Kabla ya kununua mti wowote, mama anamuuliza mwenye kuuza swali moja: "Muti huu ulisimamaga wapi?"

Anauliza kwa sababu kule kwenye uwanda wa Ruzizi watu wengi wanazikwa ndani ya parseli zao, viwanja vyao vya nyumbani, na wengine wanapanda mti wa matunda kichwani pa kaburi. Mti wa namna hiyo haupikii mtu chakula. Wateja wetu wote wanajua kwamba mama anauliza. Wanakuja kwetu kwa ajili ya swali hilo.

Jumamosi iliyopita mama alikuwa na malaria, akanituma minye, mimi bintiye, hadi Runingu huko uwandani kununua mpera. Swali nililirudia njia nzima, nyuma ya dereva wa pikipiki ya matairi matatu, kama mtu anayejifunza somo la mtihani. Mwenye kuuza alikuwa mwanaume wa haraka. Mpera wake alikuwa ameshaukata na kuupanga kando ya barabara, simu iko sikioni.

"Binti, unapakia ao uniachie?"

Aliponiangalia, nikapakia.

Sikuuliza.

Mama aliniuliza kutoka kitandani kama niliuliza. Nikasema ndiyo.

Jumatatu nilikuwa napasua kipande kinene. Shoka liligonga kitu, likalia. Ndani kabisa, katikati ya mti, kulikuwa na kikuku cha waya wa shaba. Kidogo. Vidole vyangu viwili havikupita. Mti ulikuwa umekimeza pole pole, mwaka kwa mwaka, hadi juu hapakubaki hata kovu. Nilijua hapo hapo mti ulisimama wapi. Hakuna mtoto anayesahau kikuku chake ndani ya mti. Nilikitia kwenye trusi, kimkoba changu cha kalamu, chini ya rula, nikaendelea kupasua.

Jumanne Papa Shukuru alichukua rundo la kwanza. Anachoma mbuzi karibu na ufuko, na ana mdomo wa utani. Jumatano nilipompelekea kuni nyingine aliniita nione.

"Kuja uangalie, binti. Moshi ya mama yako leo imekataa kupanda."

Ilikuwa kweli. Moshi ulitoka jikoni, ukashuka, ukatambaa juu ya mchanga kwa urefu wa goti. Nilijiambia ni unyevu wa hewa. Kwenye moshi huo alikuwa amesimama mwanamke mmoja, peke yake, viatu mkononi. Hakununua kitu. Alikuwa anavuta pumzi tu, macho amefumba.

"Huyu ni siku ya pili," Papa Shukuru akasema. "Anakula harufu. Mimi nalisha watu mbili: mwenye kulipa na mwenye pua."

Watu waliokuwa kwenye viti wakacheka. Wote walisema nyama ya juma hili ina utamu usio wa kawaida. Papa Shukuru alinipa kipande cha ubavu. Nilitaka kukataa, lakini kukataa kunataka maneno. Nilikula. Niseme ukweli wote: nililamba na vidole.

Yule mwanamke alifumbua macho akanitazama nikila.

Leo nilipotoka shule nilimkuta kwetu, mbele ya kuni. Mama alikuwa nyuma ya nyumba. Mwanamke alikuwa ameinama, ananusa kipande kimoja kama mtu anavyonusa kichwa cha mtoto aliyetoka kuoga.

"Hii mupera ilitoka Runingu," akasema. Haikuwa swali.

"Ndiyo, mama."

"Ni minye niliipanda, juu ya binti yangu. Maji ilitufukuza kule, tukakuja Uvira kupanga. Sasa shemeji ameuza parseli, hakuniambia. Nimejua kwa pua." Akatabasamu kidogo, si kwangu. Kisha akaunganisha kidole gumba na kidole cha shahada, akafanya duara dogo. "Mulikuta kitu ndani? Kidogo hivi? Niliivalisha muti ikiwa bado nyembamba."

Nikasema hapana.

Trusi ilikuwa mgongoni mwangu, ndani ya mfuko wa shule. Nilisema hapana na kikuku kiko hapo hapo.

Mama alitokea akifuta mikono, akamkaribisha. Mwanamke akamweleza, kwa upole, bila kulia. Nilimwona mama anakaza mgongo.

"Hapana, dada yangu. Hapa tunaulizaga. Siku ile nilikuwa mugonjwa, lakini binti yangu aliuliza mwenyewe." Akanigeukia. "Si uliuliza?"

Shuleni naweza kusimama nikasema ukurasa mzima wa Kifaransa bila kutetemeka. Yale maneno si yangu, ni ya kitabu. Kiswahili cha nyumbani ndicho kinachonishinda. Kila neno lina uso wa mama ndani.

Wote wawili walikuwa wananisubiri. Nikafikiria kwamba nikisema ndiyo, mama atamwita huyu mwanamke mwendawazimu, na mtaa mzima utamwamini mama. Lingekuwa jambo rahisi sana. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi ya yote.

"Sikuuliza, mama. Na kitu nilikikuta."

Nilitoa kikuku. Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa tu juu ya gogo la kupasulia, akafunika mdomo.

Mwanamke alikijaribu kwenye ncha ya kidole chake kidogo.

"Haitamuenea tena," akasema. "Amekomaa. Anaenda miaka kumi na mbili."

Nikafunga zipu ya mfuko wa shule.

Kuni zilizobaki zilikuwa za kesho. Papa Shukuru ana kazi ya harusi, na kuni hizo alizichagua mwenyewe. Mama alisimama, akachukua kitenge chake, akaanza kufunga vipande. "Beba na weye," akaniambia. Hayo tu.

Tulimfuata hadi anapopanga, chumba kimoja nyuma ya ukuta wa matofali. Nilidhani tutazipanga nje, chini ya bati. Akasema hapana, ndani. Kulikuwa na mkeka umetandikwa kando ya kitanda, na mto mdogo.

Alizipokea moja moja. Hakutaka tuzitupe, wala zigongane. Alizilaza kwenye mkeka: nene katikati, nyembamba pembeni, mbili ndefu upande wa chini. Kila kipande alijua kinakaa wapi. Mama yangu, aliyepasua kuni tangu kabla sijazaliwa, alimpa kila kipande kwa mikono miwili.

Kulibaki nafasi tupu mahali pawili. Mwanamke alipitisha kiganja juu ya nafasi hizo.

"Hapa panakosa," akasema. "Na hapa." Hakuwa na hasira. Alikuwa anaangalia mdomo wangu.

Kisha akafunika vyote kwa kitenge, akakichomeka vizuri chini ya mkeka, na akatugeukia na kidole kwenye midomo.

"Mutoke pole pole. Amelala."

Tukatoka pole pole. Mama yangu, ambaye sauti yake inasikika sokoni kote, aliuvuta mlango kwa vidole viwili ili usilie. Tulipofika kwetu aliniambia jambo moja: kesho hatasimama mbele ya Papa Shukuru. Nitasimama minye.

Atakuja mapema kutafuta kuni za harusi. Nitamwambia hazipo, na kwa nini hazipo. Atanidhihaki kwanza, kisha ataelewa, kisha atakumbuka ni watu wangapi walikaa kwenye viti vyake juma hili. Huenda hatarudi kwetu tena. Wale watu wanapaswa kuambiwa, mmoja mmoja, walichokula, na hakuna mwingine wa kwenda kuwaambia.

Nimejaribu kusema kwa sauti, hapa chumbani, peke yangu. Sentensi ya kwanza imetoka: nilikula na mimi.

Ya pili bado.